Siku ya Tatu Chini ya Turubai

Hachinohe, 14 Aprili 2023

Mdogo wangu Fumie,

Salamu kwako, kwa binti yako Chinatsu na mumewe, na kwa yule mjukuu wako asiyetaka kuvaa soksi. Huku tu wazima. Mke wangu Yasuko alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Jumanne iliyopita, na kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni mikunjo ya uso wangu. Alikaa kimya siku nzima kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Theluji imekwisha, michirizi inatiririka, na miti ya sakura pale ngomeni inataka kuchanua wakati wowote.

Nakuandikia kukuarifu jambo la kipuuzi. Sawaguchi ametimiza miaka sabini, na badala ya kwenda kujilaza kwenye chemchemi za maji ya moto kama wazee wenye akili, anataka tutembee kwa miguu siku sita tukifuata pwani, kutoka Kabushima hadi Kuji, tukilala kwenye mahema. Ameshanunua mahema. Mimi ameninunulia na kengele ya kufukuzia dubu. Tuko wanne, wale wale wa darasa letu la shule ya uvuvi: Sawaguchi, Narita, mimi, na yule wa nne ambaye uliniambia nisiandike jina lake kwenye barua zako. Yasuko anasema tutaondoka wanne turudi watatu. Anatania tu.

Tutaondoka tarehe kumi na nane Mei. Goti langu la kushoto limeshaanza kulalamika hata kabla ya safari. Nijulishe hali ya mgongo wako.

Kaka yako,
Tokuji


Hakodate, 29 Aprili 2023

Kaka Tokuji,

Barua yako imefika siku tunayopanda vitunguu vya kwanza, nikaisomea uwanjani na mikono yenye udongo, kwa hiyo ukiniona nimekosea kitu ujue ni doa. Mgongo wangu upo pale pale. Mjukuu ameanza kuvaa soksi, moja.

Huwa unauliza kwa nini sipokei simu. Simu nimeiachia habari za misiba. Mambo mengine yote yanaweza kusubiri stempu.

Mpe Narita salamu, mwambie asilale chali, wenzake nao wanahitaji usingizi. Sawaguchi mshukuru kwa samoni wa Mwaka Mpya. Tangu niolewe hajakosa kuniletea hata mwaka mmoja. Kwa rafiki wa kaka tu, ni mtu mwema kuliko ndugu wengi.

Huyo wa nne sina salamu zake. Mwanamume akimkataa binti siku kumi na tisa kabla ya harusi, na asije hata mwenyewe kusema, huyo hapewi salamu hata akizeeka. Nilisema hivyo mwaka 1979, sina la kuongeza.

Chukua soksi za sufu. Tena chukua nyingi.

Fumie


Hachinohe, 3 Juni 2023

Mdogo wangu Fumie,

Nimerudi. Mimi nipo, ngozi ya visigino haipo. Wape wote salamu. Yasuko amenihamishia chumba cha nyuma mpaka harufu iishe. Nimeoga mara nne, na bado akipita anashika pua.

Tulianzia Kabushima. Unajua Mei kule ni msimu wa shakwe kuatamia. Wapo maelfu, na wote tumbo linawaendesha. Kwenye hekalu la pale juu wanaazimisha miavuli kwa ajili hiyo. Sawaguchi akaukataa mwavuli, akasema kinyesi cha shakwe ni bahati. Alipata bahati tatu kabla hatujamaliza ngazi, ya tatu ikapita ndani ya kola. Akaipangusa kwa kidole, halafu kidole akakipangusa kwenye begi langu la mgongoni.

Fumie, mtu humjui mpaka ulale naye hema moja. Sawaguchi nimemfahamu miaka zaidi ya hamsini. Sikujua kwamba hukata kucha za miguu kila jioni na kuziacha pale pale kwenye mkeka. Sikujua kwamba supu ya miso iliyobaki huisukutulia mdomo, akaizungusha huku na huku, kisha akaimeza. Siku ya pili alinunua hoya kwa mama mmoja bandarini. Unaikumbuka hoya, uliyokuwa ukiikimbia utotoni, kile kidude cha baharini chekundu chenye vinundu kama kitu kilichougua. Akaipasua kwa mkasi ule ule wa kucha. Maji yake ya manjano yakamwagikia mfuko wangu wa kulalia.

"Kula, Tokuji," akaniambia, mdomo umejaa. "Hii inarudisha nguvu za kiume."

"Za kufanyia nini?" Narita akauliza.

Narita naye ana yake. Meno yake ya bandia huyatumbukiza kwenye kikombe chochote kilicho karibu. Asubuhi ya pili kikombe hicho kilikuwa changu, na nilikuwa nimeshakunywa chai nusu. Nilitapika kwenye nyasi nzuri za Tanesashi mbele ya wanafunzi wa shule ya msingi waliokuja kuchora picha. Mmoja wao akanichora.

Miguu yetu sitaki hata kuieleza. Jioni tukivua viatu, hata inzi walisogea mbali.

Siku ya nne, ya tano na ya sita tulitembea. Mvua ilikuwepo. Yule wa nne alirudi kwake mapema, goti.

Nawatakia afya. Mvua zikianza usilime, mgongo utakulaumu.

Tokuji


Hakodate, 16 Juni 2023

Kaka Tokuji,

Hatujambo. Barua yako nimemsomea Chinatsu, akacheka mpaka akakaa chini jikoni. Mimi nilicheka ukurasa wa kwanza.

Ulipokuwa mdogo, ukivunja kitu ulikuwa unakuja kwa mama na hadithi ndefu ya kuchekesha kuhusu kitu kingine. Mama alicheka, na baada ya siku tatu bakuli likaonekana limevunjika nyuma ya ghala. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nikisubiri siku ya tatu.

Siku ya kwanza umeiandikia ukurasa mzima. Ya pili ukurasa na nusu. Ya nne, ya tano na ya sita mstari mmoja. Ya tatu haimo kabisa. Na jambo lingine: miaka yote unamsifu Sawaguchi mpaka masikio yanauma. Katika barua hii kila kinachotia kinyaa kinatoka kwake, na unakieleza kama mtu anayekwangua kitu kiatuni. Hata Narita umemtania kwa mapenzi. Sawaguchi hukumtania.

Amekufanya nini?

Fumie


Hakodate, 21 Julai 2023

Kaka,

Siku thelathini na tano hujajibu. Nimempigia Yasuko, na unajua mimi na simu, nikidhani unaumwa. Anasema huumwi. Anasema unakaa chumba cha nyuma ingawa harufu iliisha zamani.

Jumatatu imeletwa bahasha. Nyuma yake kuna jina, Oikawa Seiji, Kuji. Ona sasa, umenifanya niliandike mwenyewe.

Sijaifungua. Iko juu ya friji, nimeiwekea chupa ya mchuzi wa soya isipeperuke. Mara ya kwanza niliipeleka mpaka kwenye pipa la taka. Nikaona ina stempu mbili. Mtu hapachiki stempu mbili kwa maneno ya adabu, ana mengi ya kusema. Nikairudisha.

Nadhani unajua kilichomo. Nakupa siku kumi. Nataka nikisikie kwako kwanza, kwa sababu wewe ndiye kaka yangu na yeye si mtu wangu. Zikipita naifungua.

Fumie


Hachinohe, 27 Julai 2023

Mdogo wangu Fumie,

Leo nimeshindwa kuuliza habari za nyumbani, lakini natumaini nyote ni wazima.

Siku ya tatu mvua ilianza alfajiri. Tulikuwa tumepiga kambi kwenye uwanja wa nyasi juu ya bahari, upande wa Hirono. Njia ya miambani ilikuwa inateleza, tukakubaliana tusiondoke. Tulifunga turubai kati ya misonobari miwili, tukajibana chini yake wanne kama kuku wanaosubiri kuuzwa. Ilipofika saa nne asubuhi hakuna aliyekuwa na la kusema tena. Narita akatoa wazo: kila mtu aeleze ubaya mmoja alioufanya ujanani na hakuwahi kukamatwa.

Akaanza yeye. Aliwahi kumimina mkojo wa farasi kwenye chupa ya sake ya mwalimu wa mafundo ya kamba. Tukacheka. Mimi nikasema nilivyovunja kioo cha hekalu. Sawaguchi alikuwa anakoroga wali kwenye sufuria.

"Hayo ni ya watoto," akasema. "Mimi nilivunja harusi kwa kalamu na karatasi moja."

"Ya nani?" Narita akauliza.

Akanyoosha mwiko. "Ya huyu."

Alikuwa anamwonyesha Oikawa. Oikawa akatabasamu kidogo, akifikiri ni utani.

Sawaguchi akaeleza, Fumie, kama mtu anavyoeleza alivyomvua samaki mkubwa. Kwamba Februari ya mwaka ule alimwandikia baba barua isiyo na jina. Kwamba aliandika babu yake Oikawa na shangazi yake walikufa wendawazimu, wamefungiwa chumba cha nyuma, na kwamba ugonjwa uko kwenye damu ya ukoo. Uongo mtupu. Babu yake alikufa baharini na shangazi hakuwa naye.

"Kwa nini?" Oikawa akauliza.

"Tulikuwa vijana, bwana. Nilikuwa nimelewa. Na wewe kichwa kilikuvimba siku zile, umepata mchumba, umepata cheti cha unahodha, sisi hutuoni. Nilijua watauliza, wataona ni uongo, tutachekea harusini. Nani angejua mzee wao mwoga vile?" Akaonja wali. "Tena unishukuru. Miaka arobaini na nne unalala bila mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi."

"Mimi niliambiwa Fumie ndiye aliyekataa," Oikawa akasema.

Nawe uliambiwa yeye ndiye aliyekataa. Baba alisema hivyo pande zote mbili, nadhani ili asiwepo wa kumfuata mwenzake. Hakwenda kuuliza. Aliona aibu hata kuuliza.

Oikawa aliweka bakuli chini. Akatoka mvuani, akaanza kukunja hema lake, taratibu, akikung'uta udongo kwenye kila kigingi. Narita akamfuata akimsihi angoje mvua ikatike. Oikawa akamwuliza kituo cha treni kiko umbali gani. Hakusema lingine. Tulimwona akishuka njia ya msituni, begi limemwinamisha, mpaka koti lake la njano likapotea.

"Mwacheni, atapoa," Sawaguchi akasema. "Wali umeiva."

Nikala. Nataka ulijue hilo. Nilikula, na siku tatu zaidi nilitembea nyuma yake nikiitazama shingo yake yenye mikunjo na jasho, na jioni nikapokea bakuli kutoka mkononi mwake. Kila nilichokuandikia mara ya kwanza kuhusu kucha na supu ni kweli. Lakini siku ya kwanza na ya pili nilikuwa navicheka. Kinyaa kilikuja baadaye, kikarudi nyuma kikachafua vyote.

Sasa umejua. Fungua bahasha ukitaka.

Tokuji


Hakodate, 9 Agosti 2023

Tokuji,

Nilisoma yako kwanza kama nilivyokuahidi, ndipo nikafungua yake. Zinafanana. Mvua, mwiko, wali, hata kigingi. Oikawa anaandika vizuri, herufi zimenyooka kama zamani.

Lakini yake ina maneno ambayo yako haina. Anasema kabla hajaweka bakuli chini aliuliza, "Ina maana hapakuwa na mtu aliyejua?" Na Sawaguchi akakunyooshea wewe mwiko, akasema, "Muulize Tokuji. Yeye ndiye aliyeipokea mlangoni. Mwandiko wangu anaujua, miaka mitatu alikuwa ananakili majibu yangu." Na kwamba wewe ulitazama ndani ya bakuli lako.

Sikuulizi kama ni kweli. Mtu aliyesingiziwa hasahau kuandika kwamba alisingiziwa.

Nimekaa na hilo siku kumi. Nimeshindwa kula samaki. Nikimkumbuka Sawaguchi mlangoni kwangu kila Mwaka Mpya, samoni mkononi, akiniuliza kama nina afya, nasikia utelezi mdomoni. Samoni wake wanangu wamekua kwa kumla. Miaka yote ananitazama usoni, na wewe umesimama nyuma yake unavua viatu.

Sasa nami nikwambie niliyoyaacha kwenye barua zangu. Niliolewa na Muneo miezi saba baadaye kwa sababu binti aliyeachwa hachagui. Ulikuja harusini, ukaimba. Meli yake ikiingia bandarini, nilikuwa nampeleka Chinatsu kwa jirani kabla yeye hajafika nyumbani. Ulidhani ni kwa nini mtoto yule alikuwa anawapenda jirani hivyo. Meno yangu mawili ya mbele ni ya bandia tangu 1984. Ulipoyaona ulisema yamenipendeza. Nilikuwa nimekuandikia kwamba niliteleza kwenye barafu. Barua ile iliandikwa mwezi wa nane. Hukuuliza.

Muneo alipokufa ulilia kuliko mimi. Watu walikusifu.

Obon hii, sikukuu ya wafu, siji huko. Makaburi ya wazee utayaosha peke yako. Ukifika kwa baba, mmwagie maji kidogo tu.

Fumie


Hachinohe, 4 Septemba 2023

Fumie,

Hii ni mara ya saba naandika. Sita za kwanza zilikuwa ndefu na zote zilinitetea, nimezichana.

Ni kweli. Tarishi aliniwekea mkononi. Sikuifungua, niliona juu ya bahasha tu jina la baba, na ule mkia wa herufi ambao Sawaguchi huupinda kama ndoana. Nikajua ni yake, nikadhani anaomba kitu. Baba alipoisoma alinipa nami niisome. Nikajua ni uongo. Nilikuwa nimeshalala nyumbani kwa kina Oikawa mara nyingi, chumba chao cha nyuma kilikuwa na nyavu na paka.

Baba akaniuliza, "Unaujua mwandiko huu?" Nikasema siujui.

Baba yake Sawaguchi alikuwa na boti tatu za ngisi na mimi nilikuwa nasubiri nafasi ya kazi. Nilipata Aprili. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa, na nimeishi nayo kwa sababu angalau inafanana na njaa. Lakini kuna nyingine iliyo chini yake, nayo ndiyo inayonitia kichefuchefu. Nilifurahi kidogo. Oikawa alikuwa wa kwanza katika kila kitu, na alikuwa mpole juu ya hayo, na mimi nilichoka. Nilifurahi siku moja, labda mbili. Halafu nikakuona umekaa ukumbini na kitambaa cha kimono cha harusi hakijashonwa, na nikaondoka kwenda bandarini.

La barafu mwezi wa nane nililiona. Nakuambia hilo pia. Nililiona siku ile ile.

Nilikwenda kwa Sawaguchi wiki iliyopita. Alikuwa anamwagilia vyungu vya bonsai. Nikamwambia aje nami Hakodate apige magoti mbele yako.

"Bado mnalia na mambo ya wakati wa bibi?" akasema. "Fumie ana watoto, ana wajukuu, kakosa nini? Ngoja nimtumie uni za mwaka huu, nzuri kweli. Mpelekee."

Akanipa sanduku la viumbe hao wa baharini. Fumie, nililipokea. Mikono yangu ilinyooka yenyewe kama miaka yote. Nilifika nalo mpaka kwenye kona ndipo nikarudi, nikaliweka mlangoni kwake, na tangu hapo hatujaonana. Narita naye hamtembelei tena. Sikuandikii hayo ili unione nimefanya kitu.

Yasuko nimemwambia. Chumba cha nyuma sasa ni changu moja kwa moja.

Sikuombi chochote.

Tokuji


Hakodate, 30 Oktoba 2023

Kaka Tokuji,

Salamu. Huku baridi imeanza, figili tumezing'oa na kuzitundika. Mjukuu amepata kaka wa shuleni anayemlinda, mwenyewe anasema hivyo, nikasikiliza nikaendelea kufunga figili.

Nilikwenda Kuji. Nilibadilisha treni Hachinohe tarehe kumi na mbili, nikakaa kituoni dakika arobaini. Ungenipikia chai kwa muda huo. Sikukupigia simu.

Chinatsu alinisindikiza, na hema la mumewe. Nilikuwa nimemwandikia Oikawa kwamba kama anataka kusema nami, tusikae kwenye mkahawa tukitazamana kama wachumba wa kutafutiwa. Akamalize njia aliyoikatiza, na mimi nitatembea naye. Tulianzia pale pale Hirono, kwenye misonobari yenu, tukatembea siku mbili na kulala njiani mara moja.

Usijipe moyo, hakuna mapenzi yaliyofufuka. Ni mzee mrefu mwenye masikio makubwa, anayesimama kila hatua mia kueleza habari za goti. Akila anapiga midomo. Asubuhi alitoka hemani akakohoa na kutema, akakohoa na kutema, kama injini ya boti inayokataa kuwaka, nami nikiwa nimeshika kikombe cha supu nilisikia kinyaa kabisa. Nikamwambia, "Oikawa, katemee mbali." Akasema, "Samahani, sijazoea kuwa na mtu." Akasogea mbali, akaendelea kutema.

Hapo nilikaa juu ya jiwe nikalia, Chinatsu akadhani nimeumia mguu. Kaka, nilikuwa nimejiandaa kuona kitu kikubwa nilichokosa. Nikaona mzee anayekohoa. Ningemkaripia kila asubuhi kwa miaka arobaini na nne, na yeye angesogea hatua tano, basi. Asingenipiga. Hicho ndicho mlichonichukulia wewe, baba na Sawaguchi. Ndoa ya kawaida tu, ya kukaripiana. Ni ndogo hivyo, na kwa udogo wake ndiyo inaniuma.

Njiani alinieleza kwamba na yeye alinichukia. Kila akisikia jina la Hakodate kwenye hali ya hewa alizima redio. Tulicheka kidogo hapo, kwa sababu mimi nilikuwa nazima nikisikia Kuji. Tulipofika kwake alituchemshia tambi, zikaiva kupita kiasi. Atakuja kulima vitunguu wakati wa theluji kuisha, kama goti litamruhusu. Chinatsu amemwalika, si mimi.

Chinatsu aliniuliza kwenye treni yule mzee ni nani hasa na kwa nini nililia. Nikammenyea chungwa. Amekua akijua mama yake aliachwa na mtu mbaya akaokolewa na baba yake. Alimwona baba yake akinipiga, na bado ndivyo anavyojua, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Nimechoka kuwa mimi wa kusema. Sikuiandika barua ile, sikuipokea mlangoni, sikumwambia baba siujui mwandiko.

Kwa hiyo utakuja Mwaka Mpya. Samoni usilete, wala kitu kingine mkononi. Yasuko aje naye kama atakubali kukaa na wewe kwenye treni. Watoto wangu wote watakuwepo. Utakaa mbele yao, utawaeleza tangu tarishi mpaka chini ya turubai, na lile la kufurahi siku mbili usiliruke. Wakiuliza la meno, utawaambia ulijua. Mimi nitakuwa jikoni, mlango wazi.

Sijakusamehe. Sijui kama nitakusamehe, na usiniulize ukifika.

Nitapakua chakula saa saba. Wewe utaanza kusema saa sita.

Fumie